Ajenti hajakulipa: mwongozo wa fundi wa kudai pesa za kazi ya majumba ya kupangisha nchini Kenya

Ukizunguka Kilimani, Ruaka, Roysambu au Nyali, utakuta majumba mengi ya ghorofa hayaendeshwi na wenyewe. Mwenye jumba yuko mbali, pengine ng'ambo, na shughuli zote za kila siku amezikabidhi kampuni ya usimamizi, ile ambayo wapangaji na mafundi huiita tu "ajenti". Ajenti ndiye anayekusanya kodi, ndiye anayeandika walinzi, na bomba likipasuka ghorofa ya nne saa nne usiku, ndiye anayempigia fundi simu. Fundi anakuja, anakesha, maji yanazibwa, wapangaji wanalala. Miezi mitatu baadaye fundi yuleyule anaambiwa, "Subiri kidogo, mwenye nyumba hajatoa pesa."

Mwongozo huu ni wa fundi huyo: wa mabomba, wa stima, wa rangi, wa vigae, wa paa, wa kunyonya vyoo, wa kuosha matangi. Katika madeni ya aina hii ni nadra kampuni kukana kwamba kazi ilifanyika. Kinachomponza fundi ni kwamba siku ya kulipa ikifika, hakuna anayekubali kuwa deni ni lake. Ajenti anamsukumia mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasema alishampa ajenti. Ndiyo maana nimeanza na suala la mdaiwa, nikalipatia nafasi kubwa kuliko hata mahakama.

Jambo moja la kutazama kwanza. Ikiwa kila siku unaingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, umevaa sare ya kampuni, unatumia vifaa vyao na kulipwa mwisho wa mwezi, huenda kisheria wewe ni mwajiriwa hata kama wanakuita kontrakta. Madai yako basi ni ya ajira: anzia ofisi ya leba, na ikishindikana nenda mahakama inayoshughulikia ajira. Usikawie, kwa sababu muda wa madai hayo ni miaka 3. Yanayofuata hapa ni ya anayechukua kazi kwa bei yake na kulipwa kazi ikiisha.

Hatua ya 1: Jua nani atakuwa na deni lako

Fanya hivi kabla ya kufungua mkoba wa vifaa. Kuna mipango mitatu inayotumika zaidi, na kila mmoja una mdaiwa wake.

Mpango wa kwanza ni jumba lenye mwenyewe mmoja, mtu au kampuni, na ajenti ni wakala wake. Kanuni ya sheria ya uwakala ni hii: wakala akikuambia wazi kwamba anaagiza kazi kwa niaba ya fulani, mkataba ni wako na huyo fulani, na kwa kawaida wakala mwenyewe hadaiwi. Lakini wakala akiagiza kazi kwa jina lake, asikutajie bosi wake, unaweza kumdai yeye. Soma sentensi hizo mbili tena, maana ndizo zinazoamua kesi nyingi. Ajenti anayekuambia leo "mwenye nyumba ndiye anayelipa" hakukwambia hivyo siku ya kukuita. Siku ile alisema "njoo utufanyie kazi". Ukiwa na ujumbe wake wa siku ile, una hoja nzito.

Mpango wa pili ni jumba ambalo nyumba zake zimeuzwa moja moja. Chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, wamiliki wa jumba la namna hiyo huwa na shirika lao la usimamizi, nalo lina hadhi ya kisheria: linaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Majumba ya zamani zaidi mara nyingi yana kampuni ambayo kila mwenye nyumba ana hisa ndani yake. Kwa vyovyote vile, ngazi, lifti, paa, tangi na geti ni mali ya pamoja, na kazi ya huko hulipwa kutokana na ada ya huduma inayochangwa na wamiliki. Ajenti hapo ni mwajiriwa wa shirika tu. Ukitengeneza pampu ya jumba zima, mdaiwa wako ni shirika. Ukitengeneza sinki ndani ya nyumba moja, mdaiwa ni mwenye nyumba hiyo, au mpangaji aliyekuita. Fundi akifanya zote mbili siku moja na kuandika ankara moja, amejifungia mlango, kwa sababu kila upande utasema nusu ile si yake. Andika ankara mbili.

Mpango wa tatu haujulikani sana, ila unazidi kuenea. Kampuni ya usimamizi inachukua kazi ya ukarabati kama mkandarasi, inamtoza mwenye jumba bei yake, kisha inakupa wewe kazi kwa bei ya chini. Hapo deni ni la kampuni moja kwa moja. Iwe imelipwa na mwenye jumba au haijalipwa, hilo ni kati yao, isipokuwa kama wewe mwenyewe ulikubali kulipwa baada yao kulipwa. Ukiona sharti kama hilo kwenye karatasi ya kazi, likatae, au angalau liwekee kikomo cha siku.

Njia rahisi ya kujua uko kwenye mpango gani ni kuuliza kwa maandishi. Tuma ujumbe huu kwa meneja, si kwa keateka:

"Habari Bwana Meneja. Nimepokea ombi la kutengeneza pampu ya maji, jumba B. Kabla sijaanza naomba unithibitishie: ankara niandike kwa jina la nani, nani atalipa, na italipwa ndani ya siku ngapi. Asante."

Akijibu, una ushahidi. Akikataa kujibu swali jepesi kama hilo, umeshapata jibu la namna atakavyolipa.

Kisha hakikisha jina. Jina lililoandikwa kwenye geti au kwenye kofia za walinzi mara nyingi ni jina la biashara tu, halilingani na la kampuni iliyosajiliwa. Kupitia eCitizen unaweza kuomba taarifa za kampuni kutoka kwa msajili, nayo itakuonyesha jina kamili na wakurugenzi. Mawakala wa nyumba wanatakiwa pia kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba, kwa hiyo angalia kama ajenti wako yumo kwenye orodha yake. Kwa kiwanja kilichoko Nairobi, upekuzi wa hati kwenye mfumo wa Ardhisasa utakuonyesha mwenye ardhi. Haya yanagharimu ada ndogo. Kwa kazi ya shilingi 3,000 usijisumbue. Kwa kazi ya laki na zaidi, fanya.

Hatua ya 2: Makubaliano, hata kama ni mistari mitano

Mkataba wa mdomo ni mkataba, na mahakama za Kenya huutambua. Shida ni kuuthibitisha. Huhitaji wakili kuandika makubaliano ya kupaka rangi ngazi. Andika kotesheni yenye kazi itakayofanywa, bei, nani analeta vifaa, depo ni ngapi, salio litalipwa lini, na nani atakagua kazi. Itume kwa barua pepe au WhatsApp, kisha usianze mpaka mtu mwenye mamlaka ajibu "tumekubali" au akupe LPO, yaani hati rasmi ya kampuni ya kuagiza kazi.

Neno mamlaka lina uzito hapa. Keateka si meneja. Akikuita kwa simu na kusema "ofisi imesema uje", mwambie ofisi ikutumie ujumbe. Ni kweli kwamba ikiwa kampuni imezoea kukulipa kwa kazi ulizoitwa na keateka, unaweza kusema walimwonyesha kwako kama mtu mwenye mamlaka. Lakini hiyo ni hoja ya kujitetea baadaye, usiipange kama njia ya kuanzia.

Kazi ya dharura haina nafasi ya karatasi. Maji yakimwagika ndani ya nyumba za watu huwezi kusubiri LPO, na sikushauri usubiri. Tuma ujumbe mmoja ukiwa njiani: "Nimeitwa na keateka kwa ajili ya bomba lililopasuka ghorofa ya 4. Malipo ya kufika usiku ni 3,500, vifaa na kazi nitakutumia nikishaona. Nikifika nitaanza kuziba." Meneja akiusoma na kunyamaza huku kazi ikiendelea, kimya chake kinakusaidia wewe.

Kuhusu depo: vifaa visinunuliwe kwa pesa zako. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mafundi wengi hawafilisiki kwa kukosa ujira, wanafilisika kwa kununua simenti, rangi na mabomba kwa mkopo wa hadwea na kumkopesha mwenye jumba wasiyemjua. Ujira ukikosekana umepoteza jasho. Vifaa vikikosa kulipwa, una deni lako mwenyewe la kulipa. Kampuni ikisema sera yake hairuhusu depo, waombe wanunue vifaa wenyewe na wewe ulete mikono tu.

Na uwe na leseni inayolingana na kazi. Mafundi wa stima hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na wakandarasi wa ujenzi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kampuni inayotafuta sababu ya kutolipa itaanzia hapo: "huyu hata hana leseni".

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi ukiwa bado kwenye jengo

Ukishatoka kwenye jengo, mlinzi anaweza kuambiwa asikufungulie tena. Kwa hiyo kila unachokihitaji kipate mapema.

Piga picha kabla ya kugusa kitu, katikati ya kazi, na mwisho. Za katikati ndizo zinazosahaulika, na ndizo zenye thamani kubwa: bomba lililofukiwa ukutani halionekani tena, na picha ndiyo itakayosema ulitumia la aina gani. Tunza risiti za hadwea. Siku unazoingia, andika jina lako kwenye kitabu cha mlinzi, kwa sababu kitabu hicho kinaonyesha saa zako bila wewe kujisifu. Malipo yote yapitie M-Pesa au benki. Ukipokea depo taslimu, tuma ujumbe papo hapo: "Nimepokea 60,000 taslimu, depo ya kazi ya jumba B."

Kazi ya ziada ndiyo inayozaa ugomvi mkubwa. Ulikubaliana kupaka rangi ngazi, meneja anapita na kusema "mguse na ile korido". Mguse huo una ndoo mbili za rangi na siku mbili za vijana wako. Mjibu kwa ujumbe kabla ya kuchovya brashi: "Korido haikuwa kwenye kotesheni. Bei yake ni 18,000. Nianze?" Utahisi unamsumbua mkubwa. Msumbue.

Kazi ikiisha, tembea na meneja au aliyetumwa naye, muandike pamoja kasoro kama zipo, na atie sahihi kwamba amepokea. Akikataa kutia sahihi, mtumie picha na ujumbe: "Kazi imekamilika leo. Kama kuna kasoro naomba nijulishwe ndani ya siku 7 nirekebishe." Ujumbe huu una nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu kasoro zinazoibuka miezi miwili baadaye, siku ya kudai pesa, zitaonekana zilivyo.

Kampuni nyingine hushikilia asilimia 5 au 10 ya malipo kama dhamana ya kasoro. Si vibaya, mradi iliandikwa tangu mwanzo na tarehe ya kuiachilia inajulikana. Iweke kwenye kalenda ya simu yako. Pesa za dhamana hazirudi zenyewe.

Hatua ya 4: Ankara ambayo mhasibu hawezi kuirudisha

Malipo mengi hukwama kwa mhasibu, wala si kwa roho mbaya. Tangu tarehe 1 Januari 2024, biashara Kenya haiwezi kuhesabu gharama kwenye kodi yake ya mapato bila ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, kutoka kwa aliyetoa huduma, ukiacha malipo machache yaliyosamehewa. Kwa hiyo ile karatasi ya kitabu cha risiti cha dukani hairudishwi kwa kiburi, haiwafai kitu. Fundi asiyesajiliwa kwa VAT anaweza kutoa ankara hizo kwa mfumo mwepesi wa eTIMS kupitia eCitizen, au kwa simu ya kawaida kwa kupiga *222#. Unahitaji PIN yako ya KRA na ya anayelipa. Kumbuka Hatua ya 1: PIN unayoiandika ni ya mdaiwa halisi. Ukiandika ya ajenti wakati mdaiwa ni shirika la wamiliki, ankara itarudi, na wiki nne nyingine zitapita.

Elewa pia kodi ya zuio, kwa sababu wengi huiona kama wizi. Malipo ya kandarasi za ujenzi kwa mkazi wa Kenya yakifika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, anayelipa hutakiwa kukata asilimia 3 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Tuseme kazi ni 180,000 na huna VAT. Kodi ya zuio ni 5,400. Ukiwa ulishapewa depo ya 60,000 bila kukatwa chochote, salio la 120,000 litaingia kwako likiwa 114,600. Pesa hizo 5,400 hazijapotea, ni kodi uliyolipa mapema, na cheti chake hutokea kwenye akaunti yako ya iTax, mtandao wa kodi wa KRA. Cheti kisipotokea, basi una sababu ya kuuliza: aliyekata amezipeleka wapi? Swali hilo, likiulizwa kwa upole na kwa maandishi, huamsha ofisi iliyolala.

Hatua ya 5: Kufuatilia bila kuchoka na bila kutukana

Siku ya malipo ikipita, anza kufuatilia siku inayofuata. Simu ni nzuri kwa heshima, lakini kila simu ifuatwe na ujumbe: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Umesema salio la 120,000 litalipwa Ijumaa." Ukishakuwa na ahadi tatu za namna hiyo zilizoandikwa na kuvunjwa, hakuna atakayeamini tena kwamba deni halikuwepo. Tena, mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, kukiri huko ni ushahidi unaojitosheleza.

Visingizio ni vilevile kila mahali, na kila kimoja kina jibu lake.

"Mwenye nyumba hajatoa pesa." Jibu: "Naomba jina na anwani ya mwenye nyumba nimwandikie moja kwa moja, nawe nikuwekee nakala." Ajenti mwaminifu atakupa. Asiyetaka mwenye nyumba ajue mambo fulani atapata pesa haraka, pengine kwa sababu zilishatoka.

"Wapangaji hawajalipa kodi." Kama mkataba wako haukusema utalipwa kutokana na kodi, hilo halikuhusu. Mjibu kwa heshima, ila usikubali kulijadili.

"Kazi ina kasoro." Hili lichukulie kwa uzito, hata kama unaamini ni uongo. Omba orodha kwa maandishi, nenda ukaone, rekebisha kilicho halali. Kisha tenganisha hesabu: "Mnalalamikia korido, ambayo ni 18,000. Ngazi hamna neno nazo. Naomba mlipe za ngazi wiki hii huku tukimalizana kuhusu korido." Kampuni inayozuia 120,000 kwa ajili ya doa la rangi huonekana vibaya mbele ya yeyote atakayesuluhisha.

"Chukua 70,000 tumalizane." Hapa ndipo mafundi wenye shida ya karo hunaswa. Unaruhusiwa kukubali punguzo, ni pesa zako. Lakini ukipokea pesa zilizotumwa kwa maneno "malipo ya mwisho" na ukajibu "asante", umelizika salio. Kama hukubali, jibu papo hapo kabla ya kuzitumia: "Nimepokea 70,000 kama sehemu ya malipo. Salio ni 50,000."

Hatua ya 6: Barua ya madai

Baada ya ahadi kuvunjwa, andika barua rasmi. Ipeleke kwa ajenti na kwa mwenye jumba au shirika, wote wawili, kwa barua pepe na kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Iwe fupi. Matusi na historia ndefu ya mateso huipunguzia nguvu. Mfano:

"Kuhusu: salio la shilingi 120,000, kazi ya rangi, jumba B. Tarehe fulani mlinipa kazi hii kwa bei ya 180,000 (kotesheni na kibali chenu vimeambatishwa). Kazi ilikamilika na kupokewa tarehe fulani. Mmelipa 60,000. Nimeahidiwa malipo mara kadhaa bila kulipwa. Naomba mnilipe salio ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Msipolipa, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo bila kuwaarifu tena, na nitaomba pia riba na gharama. Niko tayari kukutana nanyi ndani ya siku hizo tuzungumze."

Sentensi ya mwisho usiifute. Deni nyingi hulipwa katika kikao hicho, hasa mwenye jumba anapogundua kwa mara ya kwanza kwamba kuna fundi hajalipwa.

Katika siku hizi za kungoja kuna mambo yatakayokujia kichwani. Usirudi kung'oa pampu. Kilichofungwa kwenye jengo si mali yako tena ya kubeba upendavyo, na ukikiharibu au kukata maji, deni lao linageuka kosa lako la jinai. Usimwage majina ya watu mtandaoni, kwa kuwa kesi ya kuchafua jina itakugharimu kuliko salio lako. Na usitegemee polisi. Kutolipwa ni madai ya kiraia, na OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, haikusanyi madeni.

Hatua ya 7: Mahakama ya Madai Madogo

Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Sasa iko katika miji mingine mingi, ikiwemo Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mikataba ya huduma na ya kuuza bidhaa imo. Haipokei migogoro ya ajira wala ya umiliki wa ardhi. Deni likizidi milioni, huwezi kulikata vipande viwili ili lipite. Unaweza kuamua kuachia ziada, au uende mahakama ya hakimu.

Imetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, na mwamuzi habanwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha na mazungumzo ya WhatsApp husikilizwa. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Kwa kweli kuna zinazochelewa, kwani msongamano upo, lakini hata zinazochelewa huenda mbio kuliko mahakama za kawaida.

Kesi hufunguliwa kupitia mfumo wa mtandao wa mahakama, na ada hulipwa kwa simu. Kama huna kompyuta, nenda kwenye masjala ya mahakama usaidiwe. Jaza fomu ya madai kwa mpangilio wa tarehe: nani aliagiza, nini kilikubaliwa, kazi iliisha lini, nini kimelipwa, nini kimebaki. Ambatisha kotesheni, kibali au LPO, picha, ankara, taarifa ya M-Pesa, barua ya madai. Usifute chochote kwenye simu na usiiuze kabla ya kesi kuisha, huenda ukaombwa kuonyesha mazungumzo yalivyo humo.

Ukiwa bado na shaka nani mdaiwa kati ya ajenti na mwenye jumba, washtaki wote wawili na uache mwamuzi aseme. Mara nyingi wao wenyewe wataanza kunyoosheana vidole, na kila mmoja atatoa karatasi ambazo wewe usingezipata.

Baada ya kufungua, mpelekee mdaiwa hati na uhifadhi uthibitisho kwamba amezipata. Kesi nyingi huharibika hapa: hukumu inatolewa, kisha kampuni inakuja kusema haikuwahi kupelekewa hati, na yote yanarudi mwanzo. Siku ya kusikilizwa fika mapema na hesabu yako ukiwa umeiandika ukurasa mmoja. Jibu ulichoulizwa. Mwamuzi akipendekeza mzungumze nje, kubali kuzungumza, na mkielewana hakikisha maelewano yanaandikwa kama amri ya mahakama yenye tarehe za kulipa. Asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ila kwa masuala ya sheria tu.

Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka 6. Ni mrefu, lakini usiutumie kama kisingizio cha kukaa: mameneja huhama, kampuni hufungwa, majumba huuzwa.

Hukumu ikishatoka

Hukumu peke yake haijazi mfuko. Mdaiwa asipolipa, unaomba mahakama itekeleze. Kuna dalali wa mahakama anayekamata mali, lakini kampuni ya ajenti huenda isiwe na mali zaidi ya meza na viti. Njia inayouma zaidi ni amri ya kuzuia pesa zilizoko kwenye akaunti ya benki ya mdaiwa. Ile akaunti ambayo wapangaji hulipia kodi iko kwenye vipeperushi, kwenye mikataba ya kupanga, hata kwenye bango la getini. Iandike namba yake mapema. Angalia tu ni ya nani: ikiwa umeshinda dhidi ya ajenti na akaunti ni ya mwenye jumba, benki itakataa, na hapo ndipo utakapojua kwa nini ulishauriwa kuwashtaki wote wawili.

Akiomba kulipa kwa awamu, kubali kama awamu ya kwanza inatoka siku hiyohiyo na mpango unawekwa mahakamani. Pesa zikimalizika kuingia, mpe risiti, na baada ya wiki chache fungua iTax uone kama cheti cha kodi ya zuio kimefika kwa jina lako.